Mota Nilizozikata Kwenye Pedi

Wewe kijana unayesoma haya huku gemu yako imesimama inakungoja, iache ingoje. Nina jambo la kukuambia, na si la kunisifu.

Nilikuwa fundi wa mashine za gemu, Kitale kwanza na Bungoma baadaye, tangu wakati ambapo watu walikuwa wakiingia dukani kwangu na kuuliza fundi ameenda wapi, wakidhani mimi nauza soda. Sasa nimestaafu. Vidole vyangu viwili havihisi moto vizuri kwa sababu ya chuma cha solda, na macho yanataka miwani hata kuchambua maharagwe. Vijana huniuliza sana kuhusu zile mashine za zamani, ipi ilikuwa na nguvu, ipi picha yake ilikuwa safi. Mnapenda nguvu. Hata mimi niliipenda, na kwa kuipenda nikamtenda mtu jambo ambalo nikilikumbuka nashtuka upya.

Kazi nilifundishwa na Mzee Wafula, fundi wa redio aliyekuwa na kibanda karibu na soko la Kitale. Alikuwa mtu wa Bumula, mpole, ila ukichomea waya mahali si pake angeweza kukununia siku nzima. Siku nilipoletewa mashine ya kwanza ya gemu, ile ya kijivu, aliigeuzageuza mikononi kama mtu anayenunua kuku.

"Nyambula," akaniambia, maana r ya jina langu hakuwahi kuipata, "hii ni ledio ama ni nini?"

"Ni gemu, Mzee. Unaichomeka kwa TV unacheza."

"Mtu mzima?"

"Ati hata watu wazima."

Akanirudishia, akarudi kwenye redio yake.

Mashine hiyo ilikuwa dhaifu, siwafichi. Nyuso za watu zilikuwa na pembe. Mpira ulikuwa karibu uwe boksi. Diski nyingi zilitengenezewa televisheni za nchi nyingine, kwa hiyo picha ilitoka nyeusi na nyeupe mpaka nilipobadilisha waya. Lenzi ikipata joto ilishindwa kusoma diski, nasi tukaigeuza mashine juu chini, tumbo likitazama dari, ikasoma. Muulize fundi yeyote wa wakati ule.

Na bado watu waliolipa kucheza chumbani kwangu walizama. Kuna mfanyabiashara wa mahindi kutoka Moi's Bridge, mtu mzima na koti lake, aliyeketi siku moja kujaribu gemu ya magari. Kona ya kwanza alikanyaga sakafu akitafuta breki. Kona ya pili alilala upande mpaka akaanguka kutoka kwenye benchi, pedi ya kuchezea bado mkononi. Hakucheka. Alijipangusa vumbi akaniuliza, "Gari imeumia?"

Barabara yenyewe ilikuwa mistari ya kijivu, na miti ilikuwa pembetatu za kijani. Mtu anayejua lori halisi, anayelipa madereva, alikuwa amesahau kwamba yuko kwenye chumba cha Nyambura.

Hapo nikaelewa nusu ya kazi yangu. Mchezaji hahitaji kuonyeshwa kila jani. Anahitaji asikatizwe. Waya wa pedi ukiwa mfupi, unamvuta na anaamka. Benchi likiyumba, anaamka. Mashine ikikwama ikitafuta diski, anakumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni. Na jua likipiga kioo cha TV, badala ya barabara anaona uso wake mwenyewe, na wengi wetu hatutaki kuuona kwa muda mrefu. Nusu ya pili ya kazi ilinichukua miaka kuielewa, na ilinijia kwa aibu.

Jua hilo ndilo lililomleta Makokha. Alikuwa fundi cherehani wa Kachibora, mtu wa miaka thelathini hivi, kiziwi tangu utotoni. Nilimwita aje kupima pazia. Alitembea na ile chaki bapa ya kukatia nguo, na aliongea na sisi tusiojua ishara kwa kuandika juu ya chochote kilicho karibu: mlango, sakafu, kaunta. "Pazia jeusi. Mita nne," aliandika kwenye kaunta yangu. Akashona, akatundika, chumba kikawa na giza zuri. Kisha akaketi kwenye benchi la pili akashika pedi, na sikumwondoa mpaka nilipofunga.

Sasa nieleze kosa lenyewe. Ndani ya pedi, kwenye kila kishikio, mna mota yenye kipande cha chuma kilichoelemea upande mmoja, ya kushoto kubwa kuliko ya kulia. Gari likigonga jiwe mota inazunguka, na pedi inatetemeka mikononi. Mota hizo hula umeme. Ndani ya mashine nako kuna fyuzi ndogo kama punje ya mtama inayolinda pedi, na kwa zile pedi za bei rahisi tulizokuwa nazo, mota zikizunguka zote pamoja, fyuzi inaungua. Pedi zinakufa, wateja wanapiga kelele, nami nafungua mashine nzima kwa ajili ya punje moja. Basi nikapata ujanja. Nilifungua kila pedi, nikakata waya za mota, nikazing'oa mota nikazitia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Pedi zikawa nyepesi na fyuzi zikaacha kuungua. Nilijiona mjuzi. Mafundi wa Bungoma walipokuja kujifunza niliwafundisha kukata mota kabla ya jambo lingine lolote.

Ule mtetemo niliuona pambo tu, kitu cha kuchekesha watoto.

Pedi moja ilinishinda, namba tatu. Namba nilikuwa naziandika kwa rangi ya kucha. Skurubu yake moja ilikuwa imelika kichwa, bisibisi inazunguka bure, kwa hiyo nikaiacha na mota zake kwenye mashine ya pili. Ikiwa peke yake, fyuzi iliistahimili. Wateja hawakuitaka. "Mathe, hii inatetemesha mtu kama ako na malaria," walisema wakiniita mama kwa lugha yao, "nipatie ingine." Ikabaki ya Makokha.

Kila Jumamosi alipokuja mjini kununua uzi na vifungo alipita kwangu. Akikuta namba tatu ina mtu aliingoja, hata saa nzima, hata pedi nyingine zikiwa wazi. Nilipomsukumia namba moja alitikisa kichwa na kutazama chini kama aliyefumaniwa. Vijana walinong'ona ati ameitia dawa. Mimi nilidhani ni mazoea tu, jinsi mtu anavyotaka chai kwenye kikombe chake. Na alijua kuendesha, bana. Mle chumbani mwangu hamkuwa na mtu wa kumshinda kwenye gemu ya magari.

Nilijua anachokitaka maishani kwa sababu aliniandikia. Alitaka kuhamia Kitale, apange chumba cha kushonea, awe na wateja wake mwenyewe. Aliyemzuia ni kaka yake mkubwa, Fredrick, karani katika ofisi moja ya serikali kule Bungoma. Fredrick hakuwa mbaya. Aliogopa tu kwamba mjini watu watamzidi ujanja mdogo wake asiyesikia. Mama yao alimsikiliza Fredrick, na Makokha naye alimtii. Siku moja aliandika kwenye kaunta, "Fred anasema siwezi na watu." Kisha akaongeza chini yake, "Labda kweli." Nilichukua kitambaa nikayafuta hayo maneno mawili. Sikujua ameyatoa wapi.

Halafu ikaja mashine nyeusi. Nilikuwa nimepata chumba cha pili Bungoma, nikakitafutia mashine mpya na TV kubwa. Nguvu ya kitu kile ilinitisha. Vumbi liliinuka nyuma ya gari na kutua polepole. Majani yalikuwa na vivuli. Mlango wa gari ulionyesha mawingu yakipita, na mimi niliyezoea miti ya pembetatu nilikaa pale nikitazama mawingu hayo mpaka nikasahau kula. Pedi zake nilizifungua na kuzikata mota kabla hata ya kuzichomeka. Mkono ulikuwa umeshazoea.

Vijana wa Bungoma wakataka mashindano na Kitale. Nilimchagua Makokha, kisha nikafanya jambo nililoliona la busara: nikamwalika Fredrick. "Akikuona unavyowashinda hawa wote mbele ya watu," nilimwandikia Makokha, "hatakuwa na la kusema kuhusu Kitale." Aliyasoma mara mbili. Akanipa mkono, na mkono wake ulikuwa na jasho.

Mchana wa mashindano chumba cha Bungoma kilijaa. Fredrick alifika na suti yake ya kazini, akasimama ukutani. Makokha akatoa namba tatu kwenye mfuko wake wa vitambaa, kwa maana alikuwa ameniomba ruhusa ya kuibeba, na plagi za mashine zote mbili ni zile zile. Vijana wakaruka juu.

"Apana, Mathe. Atumie pedi ya hapa."

"Hiyo yake iko na kitu. Kila mtu anajua."

"Basi fungua tuone."

Singeweza kuifungua, kwa ile skurubu. Tena mwamuzi nilikuwa mimi, mwenye vyumba vyote viwili, na nilitaka nionekane mwenye haki. Nikaichukua namba tatu mkononi mwake nikampa pedi mpya inayong'aa. Alinitazama. Akaionyesha namba tatu kwa kidole. Nikatikisa kichwa, nikamwonyesha TV, lile vumbi, yale majani, kama kumwambia aone uzuri niliomletea.

Waliruhusiwa mzunguko mmoja wa kujaribu. Gari lake lilipoondoka aliitikisa pedi. Akaigonga kwa kiganja. Kisha akaiweka shavuni akasubiri.

"Ati anaipigia simu," mtu akasema, na chumba kizima kikacheka.

Mbio zilipoanza, injini yake ililia mpaka ikachoka kabla hajabadilisha gia. Kona ya kwanza akaingia kwenye ile miti yenye vivuli vizuri. Akarudi barabarani, akaingia tena. Macho yake hayakuwa kwenye TV, yalikuwa kwenye mikono yake. Mtu niliyemleta kuwa bingwa alimaliza wa mwisho, ameachwa mzunguko mzima, na vijana wakaacha hata kucheka.

Sikuamini macho yangu. Nilitafuta sababu nikakosa: mashine ni bora, TV ni kubwa, dereva ni yule yule. Fredrick hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma. Alimshika ndugu yake bega akaniambia, "Mama, nashukuru umejaribu. Mimi nilisema nyumbani. Huyu anajua kushona, lakini huku kwa watu atateseka bure." Makokha alimsoma midomo. Akaweka ile pedi mezani polepole, akamfuata nje.

Jumamosi iliyofuata hakuja Kitale. Wala ile nyingine.

Wiki ya tatu, spika ya TV ya pili huko Kitale ilikufa. Picha ilikuwa safi, sauti hakuna. Niliwaambia wateja wacheze hivyo hivyo huku nikitafuta spika. Haikupita robo saa kukawa na fujo.

"Mathe, gemu imeharibika. Gari haishiki barabara."

"Si gari. Ni pedi hii."

Nilikuja kusimama nyuma yao. Walikuwa madereva hodari, na wote walikuwa wanaingia mitini. Gia walizibadilisha wamechelewa. Mmoja wao alikuwa anaitikisa pedi na kuigonga kwa kiganja. Mkono ule nilikuwa nimeuona Bungoma.

Nikawaondoa kwenye benchi. Nilichukua namba tatu, TV ikiwa kimya, nikaendesha mwenyewe, mimi ambaye kwa miaka yote nilizitengeneza pedi bila kuzisikiliza. Kwenye lami mikono ilitulia. Changarawe ilipoanza niliipata viganjani kabla sijaiona. Mota kubwa ilisema mawe, na ile ndogo ilisema injini imechoka, badilisha gia. Barabara nzima ilikuwa mle mikononi.

Niliketi pale na pedi imezima, wateja wakiniuliza kama naumwa. Nilikuwa nimemnyang'anya mtu masikio yake mbele ya kaka yake, nikampa picha nzuri badala yake. Mashine dhaifu ya nyuso za pembe ilikuwa imempa barabara kamili, na ile yenye nguvu ilikuwa kwake picha tu ya ukutani, kwa sababu ya mkasi wangu. Isitoshe, wale mafundi niliowafundisha walikuwa wakikata vile vile. Popote ambapo angeenda kucheza, nilikuwa nimetangulia kumfungia mlango. Nilijua vizuri angeniuliza nini Mzee Wafula: "Nyambula, ulikitoa kabla ya kujua kinafanya nini?"

Nilimwaga ule mkebe mezani na kuanza kurudisha mota moja moja. Kama nawe ni fundi, jua kwamba dawa ya fyuzi ni kununua pedi zenye mota nzuri, si kuzing'oa mota. Na ile skurubu iliyolika ilinipa aibu yake pia: ukiweka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kati yake na bisibisi, inatoka bila taabu. Sikuwahi kujaribu, na uvivu wangu ndio uliokuwa umemwachia Makokha pedi yake.

Jumapili baada ya ibada nikaenda Kachibora na pedi mbili, moja nimeirudishia mota na nyingine bado tupu. Fredrick alikuwa nyumbani kwa mapumziko na ndiye aliyenipokea. Makokha alikuwa kwenye meza yake ya kukatia nguo, kibarazani. Aliponiona hakuinuka. Nilizifungua pedi zote mbili mbele yake, nikamwonyesha mota kwa kidole, nikaomba chaki.

"Hizi nilizitoa mimi," niliandika juu ya meza. "Kosa ni langu."

Alitazama mle ndani muda mrefu. Akachukua chaki. "Hata moja na mbili?"

"Zote. Ila tatu."

"Wale wengine wanacheza na pedi imekufa?"

"Ndiyo."

"Wanajuaje barabara?"

Niligusa sikio langu. Kisha nikaandika, "TV inasema."

Aliisoma sentensi hiyo, akanitazama, akairudia. Sijaona mtu ameshtuka vile, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshtuka tayari. "Najua TV inaongea," aliandika haraka. "Nilidhani ni muziki. Inasema barabara?"

"Mawe. Matope. Gia. Kila kitu."

Kisha, kwa herufi ndogo, mahali padogo palipobaki, akaandika, "Nilidhani nyinyi mnaweza bila. Mimi tu siwezi. Nilikuwa naona haya. Ndiyo maana nangoja tatu."

Wanangu, nililia pale kibarazani mbele ya watu wazima wawili. Kwa miaka miwili alikuwa akiwashinda wote mle chumbani huku akiamini kwamba yeye ndiye mnyonge wao. Alidhani wale wanaoshika pedi zilizokufa wana akili fulani ambayo yeye alinyimwa. Sisi tulidhani ana dawa. Naye alikuwa anaficha namba tatu jinsi mtu anavyoficha kwamba hajui kusoma.

Fredrick alikuwa amesoma yote juu ya bega langu.

"Kwa hivyo hao wengine," akasema, "ukiwazimia sauti, inakuwaje?"

"Wanaingia mitini, baba. Nimewaona. Huyu aliendesha miaka miwili bila hiyo sauti na hakuna aliyemfikia."

Fredrick alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Makokha hakumngoja amalize kufikiri. Alifuta meza yote kwa mkono wa shati, maneno yangu na yake, akazunguka akasimama upande wa kaka yake ili maandishi yasomeke sawasawa, akaandika kwa herufi kubwa kuliko zote nilizowahi kumwona akiandika:

"KITALE. JUMATATU."

Fredrick aliyasoma. Akavua koti la suti akalitundika kwenye msumari, akaenda upande wa pili wa cherehani, akainama kuona kama itabebeka na watu wawili.